Saa Moja Wima

Umeme umekatika Kitete tangu saa tatu,
mashine kubwa imelala chini ya shuka lake la plastiki.
Lakini mrija huu hauombi umeme.
Unaomba kusimama wima, kivuli, na saa moja
bila mtu kuugusa.

Nimeupanga kishikizoni, namba kumi na nne:
Kalunde Mihayo, miaka thelathini na sita,
mkazi wa Isevya, muuza asali.
Naandika: saa nne na dakika saba.

Damu inaanza kushuka.
Ya mwenye afya hushuka kwa haya,
kama mgeni anayeaga kinyumenyume.
Yake hushuka kama gunia la chumvi ya Uvinza
lililokatikiwa kamba.
Chembe zimegandamana, zimebebana migongo,
zinazama pamoja, na juu zinaacha maji ya manjano
ambayo siku ya kwanza aliyaona dirishani, akacheka:
"Kumbe hata humu ndani mnarina!"

Ana kipepeo mashavuni, yule asiyeruka.
Alfajiri vidole vyake havifungui mfuniko wa dumu;
humwita mtoto wa jirani, ujira kijiko cha kulamba.
Walisema malaria. Walisema taifodi.
Walisema mkono wa mke mwenza.
Miaka minne ya kusemwa,
hadi daktari mmoja wa zamu akaandika neno geni
nami nikalitafsiri hivi: askari wa nyumba
wamesahau sura ya mwenye nyumba.

Tafsiri yangu hakuikubali.
"Baba alikuwa mrina asali," alisema, "porini Sikonge.
Ukiufukiza mzinga vibaya, nyuki humzingira malkia wao,
humfumba kama ngumi, mpaka afe kwa joto.
Hawajasahau. Wanamjua.
Ndiyo maana inauma."
Sikuwa na jibu. Nilibandika pamba, nikamwambia abonyeze.

Mwezi wa tatu: mia na nane.
Mwezi wa tano, vidonge vimemvimbisha uso: sitini na moja.
Mwezi wa saba: ishirini na tisa,
akaniletea nusu lita ya asali ya nyuki wadogo,
nikaikataa kwa sheria,
nikaipokea kwa mlango wa nyuma.

Kuna vipimo hatuna hapa. Chupa ya pili
inangoja kwenye kisanduku cha barafu, basi la Mwanza:
protini za kinga, zile zinazopungua ugonjwa ukizidi,
kama unga kwenye pipa; mlaji humwoni,
unaona tu mkono wako unazama zaidi kila ukichota.
Majibu wiki mbili. Barabara ikiruhusu.

Leo amekuja na kitenge kipya.
Haumwi popote, anasema. Madumu saba
ameyafungua mwenyewe, mtoto wa jirani kanuna.
Anataka daktari ampunguzie vidonge,
mwezi ujao anaingia Sikonge,
mizinga ya baba bado iko juu ya miti.

Saa tano na dakika saba.
Nainama mpaka jicho lilingane na mstari.
Tisini na nne.

Nauliza mrija: uliegemea?
Nauliza meza: kuna aliyekugonga?
Jenereta la wodi ya wazazi halijawashwa, hakuna mtetemo.
Nachukua mrija mwingine, naanza upya,
kwa kuwa namba ina haki ya kusikilizwa mara mbili
na yeye ana haki ya saa moja zaidi
ya kuwa mzima.

Majibu husemwa na daktari, si mimi.
Lakini dirisha la maabara ni dogo,
na uso wangu ameusoma tangu mwezi wa tatu.
Nainamisha kichwa, naandika tarehe.
Naiandika vizuri mno, tarehe.

"Dokta," anaita (hapa kila koti jeupe ni dokta),
"nyuki wametulia?"

Natazama mrija mpya. Dakika ya kumi.
Manjano yameshaanza.